Maswali ya Wasomaji: Makuzi, Elimu na Maisha ya Watu Wasioona

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu watoto na watu wazima wasioona, hasa kuhusu yale ambayo tafiti zimeyathibitisha na yale ambayo ni maneno ya mtaani tu. Barua zilizotufikia zimetoka Dodoma mjini, Kongwa, Manyoni, Mpwapwa na Bahi. Tumezichagua zile ambazo swali lake linawagusa wengi, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Mtoto wangu wa kiume ana miezi kumi. Alizaliwa haoni, na hospitali wamethibitisha hivyo. Anakaa vizuri bila kuegemezwa na anacheka akisikia sauti yangu, lakini hatambai, wala hanyooshi mkono kuchukua kitu. Mama mkwe anasema mtoto ana tatizo jingine la akili au la viungo, na ndugu wengine wananishauri nisijisumbue naye. Je, ni kweli?
*Mama, Kizota, Dodoma*

Mama, uliyoyaeleza katika barua yako yanafanana mno na yale ambayo watafiti waliyaandika zaidi ya miaka hamsini iliyopita kuhusu watoto wasioona wenye akili timamu na viungo vizima. Katika miaka ya 1960 na 1970, Selma Fraiberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani waliwafuatilia nyumbani kwao watoto wachanga waliozaliwa hawaoni, wakiwachagua wale ambao hawakuwa na tatizo jingine lolote. Waliona kwamba mambo kama kukaa na kupiga hatua huku ameshikwa mikono yalikuja kwa umri usiopishana sana na ule wa watoto wanaoona. Yaliyochelewa ni yale yanayomtaka mtoto ajipeleke mwenyewe: kutambaa, kujiinua na kutembea bila kushikwa. Kutembea peke yao kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine walikufikia kwa wastani wakiwa na miezi 19, wakati watoto wanaoona hukufikia wakiwa na miezi 12 hivi. Kwa hiyo mtoto anayekaa vizuri lakini hatambai akiwa na miezi kumi si jambo la ajabu kwa mtoto asiyeona.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha la kufanya. Mtoto anayeona huanza kutambaa kwa sababu ya kile anachokiona mbele yake, kiwe sufuria inayong'aa, kuku anayepita au kanga ya mama, naye anakitaka. Mtoto asiyeona hana kinachomwita. Watu wazima hudhani kwamba sauti inaweza kuchukua nafasi ya jicho tangu mwanzo, wakatikisa kayamba mbele ya mtoto, na asiponyoosha mkono wakakata tamaa. Lakini kwa mtoto mchanga ambaye hajaligusa kayamba hilo, sauti ni sauti tu. Bado hajajua kwamba huko inakotoka kuna kitu kinachoshikika. Ujuzi wa kunyoosha mkono kuifuata sauti peke yake uliwajia watoto wa Michigan katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, na wengine walikaribia miezi kumi na moja. Baada ya hapo ndipo waliweza kuanza kutambaa, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kufuata.

Basi anza na mikono yake. Mpe kitu kinacholia akishike kwanza kwa mikono yote miwili, mbele ya kifua chake, akitikise, akitie mdomoni, akijue. Kisha kisogeze kidogo tu, kiendelee kulia huku kikigusa ncha za vidole vyake, akifuate. Siku nyingine kisogeze mbali zaidi. Mtandikie mkeka mahali pale pale kila siku, umzungushie vitu vya nyumbani visivyomuumiza, kama kijiko, kibuyu, mwiko na bakuli la plastiki, ili kila anaponyoosha mkono akute kitu, maana mkono unaokuta hewa tupu mara kwa mara hujifunza kutulia. Kabla ya kumwinua, mwambie na umguse, asishtukie yuko hewani. Fraiberg aliwafundisha mama wale jambo moja zaidi ambalo tunaona ni la thamani kuliko yote: waache kutafuta furaha au hamu katika uso wa mtoto, kwa kuwa uso wa mtoto asiyeona mara nyingi hutulia kimya anaposikiliza, na badala yake watazame vidole vyake. Kinachotafutwa huonekana mkononi kabla ya kuonekana usoni.

Kuhusu akili, watafiti Norris, Spaulding na Brodie waliochunguza watoto wadogo wasioona katika jiji la Chicago, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1957, walifikia hitimisho kwamba nafasi aliyopewa mtoto ya kujifunza ilikuwa na uzito mkubwa katika makuzi yake kuliko kiwango cha kutoona kwake. Anayekushauri usijisumbue naye, kwa hiyo, anakushauri ulete lile lile analolihofia. Hata hivyo mrudishe kliniki bila kuchelewa ukiona mwili wake ni mlegevu, hashtuki kwa sauti kubwa, au ameacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza. Na kama hajapimwa usikivu, omba apimwe, kwa sababu mtoto asiyeona anategemea masikio yake kwa mambo mengi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika semina tunatajiwa tafiti za Marekani na Ulaya. Watoto wetu hubebwa mgongoni, hulala na mama, huishi katika boma lenye watu wengi. Je, tafiti hizo zinatuhusu? Na kwa nini watafiti wakija huku kwetu hupima macho tu, kisha wakaondoka?
*Mwalimu, Kongwa*

Swali lako lina sehemu mbili, Mwalimu, na ya pili ina ukweli mchungu. Mkoa wa Dodoma umechangia sana katika elimu ya dunia kuhusu namna upofu unavyoanza. Wilaya yako ya Kongwa imekuwa uwanja wa utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha, tangu miaka ya 1980, na jaribio lililofanyika huko, likachapishwa mwaka 1995, lilionyesha kwamba kuhimiza usafi wa uso wa mtoto, pamoja na dawa ya macho ya kupaka, kulipunguza trakoma kali kwa watoto waliodumu na nyuso safi. Kunawa uso ni sehemu ya mkakati unaotumika leo dhidi ya ugonjwa huo katika nchi nyingi. Katika Hospitali ya Mvumi, daktari Allen Foster alihudumu kwa miaka mingi, naye pamoja na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 utafiti kuhusu vidonda vya kioo cha jicho kwa watoto wa Tanzania na visababishi vyake: surua, upungufu wa vitamini A, virusi vya malengelenge na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki yamewaokoa watoto wengi kutoka katika njia hiyo.

Hayo yote ni kuhusu kuzuia. Mtoto ambaye tayari haoni, anayeishi katika tembe pale Mlali au Hogoro, hajaandikwa hata kwa robo ya kurasa hizo, na kwa maoni yetu upungufu huu ni kazi ya vyuo vyetu wenyewe, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoko mlangoni petu, kabla haujawa lawama kwa wageni.

Kuhusu sehemu ya kwanza, chukua kutoka katika tafiti za nje maelezo ya sababu, na uziache nambari zao. Kwamba mtoto hahitaji kufundishwa kuwa na hamu ila kupewa kitu cha kukitamani ni kweli Kongwa kama ilivyo Michigan. Lakini umri wa kutambaa au kutembea hutegemea pia malezi, na malezi yetu yana faida zake na hasara zake. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama anayetwanga uwele anapata mwendo, mdundo, harufu na maongezi ambayo mtoto aliyeachwa peke yake kitandani hayapati. Lakini akibaki mgongoni hadi umri wa miaka miwili kwa sababu watu wanamwonea huruma, miguu yake haipati zamu. Mtafiti David Warren, aliyezipitia kwa kina tafiti za watoto wasioona na kuandika kuhusu jambo hili mwaka 1994, alionya kwamba wastani unaficha mengi: watoto wasioona hutofautiana wao kwa wao kwa kiasi kikubwa, na swali lenye maana ni kwa nini yule amefanikiwa kuliko huyu, si kwa nini wote wako nyuma ya wanaoona.

Kuna mwenzetu chuoni asiyeona ambaye hutembea kwenye korido na kusimama kabla ya kugonga ukuta. Wengine wanasema ana hisi ya sita. Je, sayansi inasemaje? Na je, watu wasioona huota ndoto?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Swali hili lilijibiwa mwaka 1944 katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Watu wengi wasioona wa wakati huo walieleza kwamba walihisi ukuta kwa ngozi ya uso. Watafiti Michael Supa, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, pamoja na Milton Cotzin na Karl Dallenbach, waliwatembeza kuelekea ukutani watu wasioona na wengine wanaoona waliofungwa vitambaa machoni. Walipowafunika nyuso kwa kitambaa kizito, waliendelea kuutambua ukuta. Walipowaziba masikio, waligonga. Ilikuwa ni sauti ya hatua zao ikirudi kutoka ukutani, na hata wale waliofungwa macho walijifunza kuitumia baada ya mazoezi. Mwenzako hana hisi ya sita. Ana zile zile ulizo nazo wewe, isipokuwa yeye amezifanyisha kazi. Ndiyo maana pia anaweza kukosea siku ya upepo mkali, na wakazi wa Dodoma hawahitaji kuelezwa upepo huo.

Ubongo nao hubadilika. Mwaka 1996, Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba kwa watu waliopoteza uoni wakiwa wadogo, eneo la nyuma ya ubongo ambalo kwa kawaida hushughulikia kuona huwa linafanya kazi wanaposoma maandishi ya nukta nundu kwa vidole. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba eneo hilo likivurugwa kwa muda kwa mipigo ya sumaku, wasomaji hao hukosea herufi. Eneo hilo halikukaa bure, lilipewa kazi nyingine.

Ndoto wanaota, bila shaka. Joseph Jastrow aliwahoji watu wasioona huko Marekani, akaandika mwaka 1888 kwamba wale waliopoteza uoni kabla ya umri wa miaka mitano hivi hawakuwa na picha katika ndoto zao, bali sauti, mguso na mwendo, na wale waliopoteza baada ya miaka saba mara nyingi waliendelea kuziona picha. Tafiti za baadaye zimekubaliana naye kwa sehemu kubwa.

Binti yangu mwenye ualbino ana miaka tisa. Shuleni anafundishwa nukta nundu pamoja na wasioona, lakini nyumbani anasoma ujumbe wa simu kwa kuisogeza karibu na uso. Mwalimu mmoja ameniambia nimkataze, atamaliza macho. Nimtii?
*Baba, Manyoni, Singida*

Usimkataze. Wazo kwamba macho dhaifu hutumika yakaisha ni la zamani, na liliwahi kuongoza shule nzima: mwanzoni mwa karne ya 20 yalifunguliwa huko London na baadaye Boston madarasa ya kutunza macho, ambamo watoto wenye uoni hafifu walizuiwa wasiyatumie sana. Mwaka 1964 Natalie Barraga alichapisha utafiti ulioivunja imani hiyo. Aliwachukua watoto waliohesabiwa kuwa wasioona lakini wenye mabaki ya uoni, akawapa mazoezi ya kuyatumia, akawalinganisha na wengine wasiopewa. Vipimo vya jicho lenyewe havikubadilika, lakini uwezo wao wa kutambua na kutumia walichokiona uliongezeka. Kusogeza kitabu karibu na uso hakuliharibu jicho la binti yako, bali kunayafanya maandishi yaonekane makubwa zaidi, na hiyo ni mbinu nzuri aliyoibuni mwenyewe.

Mtu mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, macho yanayochezacheza na yasiyostahimili mwanga mkali, na mara nyingi anahitaji miwani ambayo hajawahi kupimiwa. Anza hapo: apimwe na mtaalamu wa uoni hafifu, akae mbele darasani huku dirisha likiwa nyuma yake, avae kofia yenye ukingo mpana hata ndani kama mwanga unamsumbua, apewe lenzi ya kukuzia na maandishi makubwa. Katika mitihani ya taifa pia, Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, kwa hiyo si lazima afanye mtihani kwa nukta nundu kwa sababu tu ndiyo iliyokuwapo shuleni.

Walimu wa elimu maalumu wanaujua mchezo huu vizuri: mtoto mwenye uoni hafifu anapewa karatasi ya nukta nundu, naye anainama kuzisoma nukta hizo kwa macho, kinyume kabisa na zilivyokusudiwa. Ukimkuta hivyo, amekwisha kukuonyesha yeye ni msomaji wa aina gani. Hata hivyo tusiitupe nukta nundu. Kama baada ya miwani na lenzi bado anasoma pole pole mno, kichwa kinamuuma na anachoka kabla ya ukurasa kuisha, basi ajifunze zote mbili. Utafiti wa Ruby Ryles uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wazima wenye uoni mdogo sana waliojifunza nukta nundu tangu utotoni walikuwa na ajira kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliotegemea maandishi ya kawaida peke yake. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba nukta nundu ndiyo iliyowapa kazi, kwa kuwa huenda waliofundishwa walikuwa na familia na shule bora kwa jumla, lakini unatosha kumzuia mtu kuidharau.

Tumeambiwa tumpeleke mtoto wetu asiyeona shule ya bweni ya Buigiri. Shule ya kijijini kwetu nayo iko tayari kumpokea. Mama yake analia kila tunapozungumzia bweni. Tafiti zinasema ipi ni bora?
*Wazazi, Mpwapwa*

Shule ya Buigiri, iliyoko wilayani Chamwino kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ilianzishwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana, na ndiyo ya kwanza ya wasioona katika nchi yetu. Shule ya kwanza ya namna hiyo duniani ni ile ya Valentin Haüy, iliyoanza Paris katika miaka ya 1780. Humo ndimo Louis Braille alimosoma na kuubuni mfumo wa nukta sita akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, mwaka 1824. Wazo la kumsomesha mtoto asiyeona katika shule ya jirani zake nalo si jipya kama wengi wanavyodhani, kwa sababu darasa la namna hiyo lilifunguliwa katika shule za umma za Chicago mwaka 1900. Mjadala wenu wa nyumbani, kwa hiyo, una zaidi ya karne moja, na aliyewaambia kwamba utafiti umekwisha kuutatua kwa jibu moja amewadanganya.

Tunachoweza kusema ni kwamba jina la aina ya shule linaeleza kidogo sana. Mtoto hufaulu au hukwama kutokana na mambo yaliyomo ndani ya shule hiyo, na la kwanza ni kuwapo kwa mwalimu anayeisoma nukta nundu kwa ufasaha. Mtoto anayeona huzungukwa na maandishi tangu kuzaliwa, kwenye pakiti za chumvi, kwenye mabango, kwenye kanga ya mama. Mtoto asiyeona anaweza kufika darasa la kwanza bila kuwahi kugusa herufi hata moja. Akikaa miaka miwili darasani akisikiliza tu, atakuwa hodari wa kukariri na mtupu wa kusoma. Mkienda katika shule ya kijiji, msiulize kama wako tayari kumpokea. Ulizeni ni nani atakayemfundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kama ana mashine ya kuandikia nukta nundu au angalau kibao na kalamu yake ya kutobolea, karatasi ngumu zinatoka wapi, vitabu vya nukta nundu vinavyochapwa na Taasisi ya Elimu Tanzania vimefika, na hesabu atazifanyia wapi. Hesabu ndiyo somo linaloachwa kwanza, mwalimu akisema hawezi kuchora ubaoni kwa ajili ya mtoto mmoja. Baraza la Mitihani linautambua ugumu huo: mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini muda wa nyongeza haumsaidii ambaye hakufundishwa.

Jambo la pili haliko katika muhtasari wa masomo. Mwaka 1996 Phil Hatlen, mwalimu wa siku nyingi wa wasioona nchini Marekani, alieleza orodha ya mambo ambayo mtoto anayeona huyapata kwa kutazama tu na mtoto asiyeona ni lazima afundishwe kwa makusudi: kujua alipo na kwenda anakotaka, kuvaa, kupika, kufua, kutunza pesa, kuingia katika mazungumzo, kuchagua mchezo. Bweni zuri lina nguvu hapa, kwa sababu mtoto anaishi na wenzake wakubwa wasioona wanaofua nguo zao wenyewe na hawamwonei huruma. Shule ya kijijini ina nguvu nyingine: atakua akijulikana na watu atakaoishi nao maisha yake yote, na akirudi jioni atachunga, atachota maji, atapelekwa msibani na harusini kama nduguze. Hatari ya bweni ni kijana anayerudi nyumbani akiwa na cheti na kuwa mgeni kwa ukoo wake. Hatari ya shule ya kijijini ni mtoto aliyekaa peke yake chini ya mti wakati wa mapumziko, huku ripoti ikisema amejumuishwa.

Kwa kuwa mmetuomba maoni, haya ndiyo yetu. Kama shule ya kijiji haina mwalimu wa nukta nundu na hakuna anayetarajiwa kwa maandishi, mpelekeni Buigiri kwa miaka ya mwanzo ili asome, aandike na atembee, kisha mfikirie upya baadaye. Lakini kila likizo aje nyumbani, na akija asikae kama mgeni. Kama mwalimu yupo, hakuna sababu ya kumwondoa mtoto wa miaka saba kwa mama yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule za kawaida akipewa huduma anazozihitaji, na mnaweza kuitaja kwa afisa elimu wa wilaya bila kuona haya.

Mjukuu wangu asiyeona, miaka mitano, anajibonyeza macho kwa vidole na kujitikisa mbele na nyuma kutwa nzima. Tumemchapa, haachi.
*Bibi, Bahi*

Shikamoo Bibi. Acheni kumchapa, haitasaidia. Tabia hizi mbili zimeandikwa sana kuhusu watoto wasioona na si dalili ya kurukwa na akili. Kujibonyeza macho huonekana zaidi kwa watoto ambao tatizo lao liko katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, na inadhaniwa kwamba mbonyezo huo huwapa mng'ao fulani unaowafurahisha. Ni vyema aache kwa kuwa jicho linaweza kudidimia na kuumia, na njia inayofaa ni kuishughulisha mikono: mpe mahindi ya kupukuchua, karanga za kumenya, kamba ya kusuka. Kujitikisa mara nyingi ni njaa ya mwendo. Mtoto anayebembea, anayekimbia akishikwa mkono na kucheza ngoma na wenzake hujitikisa kidogo kuliko yule anayekaa kutwa kwenye kigoda.

Baba yetu, fundi cherehani mwenye miaka 56, amepoteza uoni wa macho yote mawili kwa presha ya macho. Huu ni mwaka wa pili. Tunamfanyia kila kitu, hata kumlisha, lakini anazidi kuwa mkimya na mkali. Tumekosea wapi?
*Binti, Makole, Dodoma*

Mnampenda, na hilo halina shaka. Lakini mzee aliyekuwa akiilisha familia kwa mikono yake sasa analishwa kwa mkono wa mwanawe, ilhali mikono yake haina ugonjwa. Thomas Carroll, padri wa Kikatoliki aliyewahudumia askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Pili, aliandika mwaka 1961 kwamba anayepoteza uoni ukubwani hupoteza mambo mengi kwa mkupuo, akayaorodhesha ishirini: urahisi wa kutembea, kusoma, kazi, faragha, kujiamulia, na kadhalika. Alisisitiza kwamba mtu huyo ana haki ya kuomboleza kabla ya kuanza upya. Dean Tuttle, mtaalamu wa elimu ambaye mwenyewe hakuwa anaona, aliieleza mwaka 1984 safari hiyo kwa hatua: mshtuko na kukataa, maombolezo na kujitenga, kuzama katika huzuni, kisha kuyapima upya maisha, kujifunza mbinu, na hatimaye kujikubali. Si kila mtu huzipita kwa mpangilio huo, na wengine hurudi nyuma, hasa siku wanaposhindwa jambo dogo mbele ya wageni. Ukimya na ukali wa Baba unaeleweka ndani ya safari hiyo. Ila akianza kukataa chakula kabisa, halali usingizi, au anatamka kwamba heri afe, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa sonona ni ugonjwa na una tiba.

Kuna utafiti mwingine ambao familia nyingi hazipendi kuusikia. Mwaka 1969 Robert Scott, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha kwamba utegemezi wa watu wengi wasioona hautokani na macho yao, bali hufundishwa na wale wanaowasaidia: mtu akitendewa kila siku kama asiyeweza, hujifunza kutoweza. Sisi tungeanza na chakula. Mwekeeni sahani mahali pale pale, mmwambie ugali uko upande gani, mlenda upande gani, maji yako wapi, kisha mwacheni ale. Atamwaga kidogo mwanzoni, na isiwe habari. Vyombo, viatu na nguo vikae mahali pake na mtu asivihamishe bila kumwambia.

Kutembea kunafundishwa. Matumizi ya fimbo nyeupe ndefu, yanayofuatwa leo karibu kila mahali, yalibuniwa na Richard Hoover katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge huko Pennsylvania katika miaka ya 1940. Kwa mujibu wa mbinu hiyo, fimbo hufika karibu na chembe cha moyo mtu akisimama; inapepewa kulia na kushoto kwa upana wa mabega, nayo hugusa ardhi upande ulio kinyume cha mguu unaotangulia, ili mahali utakapokanyaga baadaye pawe pamekaguliwa. Mitaa yetu ina mitaro isiyofunikwa na pikipiki zisizo na adabu, kwa hiyo aanze uani, kisha njia ya kwenda msikitini au kanisani, akiwa na mtu nyuma yake, si mbele akimvuta. Chama cha Wasioona Tanzania kina wanachama mkoani hapa, na mtu mmoja aliyepita njia hiyo hiyo atamfaa Baba kuliko sisi sote.

Kuhusu kazi, msimwondoe kwenye cherehani kabla hajajaribu. Kukata kitambaa kwa vipimo kutamwia vigumu, lakini kushona mshono ulionyooka kwa mguso, kuweka vifungo, kusimamia vijana wanaojifunza na kupatana bei na wateja ni mambo ambayo mafundi wasioona huyaweza. Noti zetu hutofautiana ukubwa kwa thamani, na akizikunja kila aina kwa namna yake atajua alichonacho. Simu yenye kisomaji cha sauti itamsomea ujumbe na miamala. Akijiunga na kikundi, anaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka katika asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria imewatengea watu wenye ulemavu.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe na ndugu zako. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi, na ugonjwa huo huanza bila maumivu, ukila pembeni mwa macho kwanza mtu asigundue. Watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Nendeni nyote mkapimwe presha ya macho, mkianza na waliozidi miaka arobaini, na mnapofika kliniki mtajeni Baba ili mhudumu ajue historia ya familia yenu.